Hewa Chafu, Urithi na Ubongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayojirudia kila mazungumzo yanapogusa moshi, usahaulifu wa wazee na kile kinachoitwa magonjwa ya ukoo. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji ameelekezwa kwa namba ya swali husika.

## Misingi

1. Hewa chafu si ugonjwa wa kifua? Ubongo unaingiaje hapa?

Kifua ndicho kinachoumia kwanza, na kwa muda mrefu hata wataalamu waliishia hapo. Lakini ubongo, ambao ni takriban 2% tu ya uzito wa mtu mzima, hutumia karibu 20% ya oksijeni yote ya mwili, na kiungo kinachotegemea damu kwa kiasi hicho hakiwezi kusalimika wakati damu inayokijia imebeba uchafu.

Njia za kufika ni tatu. Ya kwanza ni damu yenyewe: chembe ndogo kabisa hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi yake hupenya na kuingia kwenye mzunguko. Ya pili ni kinga ya mwili. Mapafu yanayokerwa kila siku huifanya kinga ichachamae, nayo humwaga kemikali za tahadhari ambazo husafiri mwili mzima, huumiza kuta za mishipa ya damu na kulegeza kizuizi kilichoko kati ya damu na ubongo. Ya tatu ni pua. Juu kabisa ndani ya pua zimening'inia neva za kunusa, ambazo upande mmoja zinagusana na hewa ya nje na upande wa pili zimeingia moja kwa moja kwenye ubongo.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Barbara Maher wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichunguza sampuli za ubongo za marehemu 37 waliokuwa wakiishi Mexico City na Manchester. Walikuta chembe za madini ya chuma zenye umbo la mviringo, aina inayotokea katika joto kali la injini na tanuri, tofauti na fuwele ambazo mwili hujitengenezea wenyewe.

2. Ni uchafu gani hasa unaozungumziwa?

Anayetajwa zaidi ni chembe ziitwazo PM2.5, yaani zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani unaweza kupangiwa chembe ishirini au zaidi za namna hiyo upande kwa upande. Hazionekani moja moja. Tunachokiona kama ukungu wa moshi juu ya jiji ni mkusanyiko wake. Wengine ni naitrojeni dioksaidi, inayotoka zaidi kwenye injini. Hidrokaboni zinazozaliwa kila kitu kinapoungua nusunusu, kiwe kuni, takataka au dizeli. Kaboni monoksaidi, ambayo ina swali lake la 17. Na metali kama risasi (swali la 7).

Shirika la Afya Duniani lilikaza viwango vyake mwaka 2021. Wastani wa mwaka wa PM2.5 usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wakati hapo kabla kikomo kilikuwa 10. Kwa kipimo hicho kipya, shirika hilo linasema karibu 99% ya watu duniani wanavuta hewa isiyofikia kiwango. Ndani ya jiko la kuni lisilo na dirisha, kiasi hicho huwa mamia ya mikrogramu wakati wa kupika.

3. Na urithi una maana gani katika mjadala huu?

Tutenganishe mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Kuna jeni chache ambazo zikiharibika huleta ugonjwa karibu kwa hakika. Kwa ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha dimensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, jeni hizo ni APP, PSEN1 na PSEN2. Huleta ugonjwa mapema, mara nyingi kabla ya miaka 60, na familia zenye tatizo hilo ni chache sana.

Kisha kuna jeni zinazoongeza au kupunguza uwezekano tu. Inayojulikana zaidi ni APOE, iliyoko kwenye kromosomu ya 19. Ina sura tatu, yaani ε2, ε3 na ε4, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Sura ya ε3 ndiyo ya wengi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja ya ε4 huongeza uwezekano wa Alzheimer takriban mara tatu, na nakala mbili huuongeza zaidi ya mara nane. Tafadhali soma swali la 11 kabla ya kujipimia kwa namba hizo.

4. Kati ya jeni na hewa, kipi chenye nguvu zaidi?

Swali hili huulizwa kama vile viwili hivyo viko kwenye mizani. Watu hupenda kunukuu utafiti wa mapacha wa Sweden uliokadiria kwamba urithi unaeleza kati ya 58% na 79% ya Alzheimer, kisha wakahitimisha kwamba mazingira yamebakiwa na makombo. Sivyo namba hiyo inavyosomwa. Inaeleza tofauti kati ya watu wa jamii moja, katika mazingira ya jamii hiyo. Katika kijiji ambacho kila nyumba hupikia kuni, moshi hauwezi kujitokeza kwenye takwimu kama sababu ya tofauti, kwa kuwa hakuna asiyeuvuta. Hata hivyo unaweza kuwa unamdhuru kila mmoja wao.

Kamisheni ya jarida la Lancet kuhusu dimensia iliiingiza hewa chafu kwenye orodha ya visababishi vinavyoweza kuzuilika mwaka 2020. Katika ripoti yake ya 2024 orodha ilifikia visababishi 14, ambavyo kwa pamoja vinahusishwa na karibu 45% ya dimensia duniani. Fungu la hewa chafu ni takriban 3%. Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini hewa huchangia pia shinikizo la damu na kiharusi, ambavyo navyo huuchosha ubongo kwa mlango mwingine.

## Kuanzia mimba hadi uzee

5. Mtoto aliye tumboni havuti hewa. Anadhurikaje?

Anadhurika kupitia kwa mama. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walionyesha chembe za masizi zikiwa upande wa mtoto wa kondo la nyuma, si upande wa mama pekee, jambo lililomaliza dhana kwamba kondo ni ukuta usiopitika. Na hata chembe zisipovuka, mama ambaye damu yake imepungukiwa oksijeni au ambaye kinga yake imechachamaa humpa mtoto mazingira magumu wakati seli za neva zinajipanga na kuhamia mahali pake.

Mjini New York, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wakiongozwa na Frederica Perera waliwapa wajawazito mabegi ya mgongoni yenye vifaa vya kunasa hewa wanayoivuta, kisha wakawafuatilia watoto wao. Watoto ambao mama zao walivuta hidrokaboni nyingi zaidi walipata, wakiwa na miaka 5, alama takriban 4 pungufu katika kipimo cha akili. Kwa mtoto mmoja mmoja, alama 4 hazionekani. Mwalimu hawezi kuzitambua darasani. Zinapopungua kwa watoto wa mji mzima, idadi ya wanaohitaji msaada maalumu huongezeka na ya wanaong'ara hupungua.

6. Je, shule iliyo kando ya barabara kuu inaathiri masomo ya mtoto?

Ushahidi mzuri unatoka Barcelona, Hispania. Watoto zaidi ya 2,700 wa miaka 7 hadi 10, katika shule 39, walipimwa kumbukumbu na umakini mara kadhaa ndani ya miezi 12. Kila mtoto hukua kiakili katika kipindi hicho, kwa hiyo kilichopimwa kilikuwa mwendo wa kukua. Katika shule zenye hewa safi zaidi, kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani ya kushika jambo akilini kwa muda mfupi huku ukilitumia, ilikua kwa 11.5%, katika zile zenye moshi mwingi wa magari ilikua kwa 7.4%, hata baada ya hali ya kiuchumi ya familia kuzingatiwa.

Mtoto ana hasara mbili za kimaumbile. Kwanza, huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake kuliko mtu mzima. Pili ni kimo. Msomaji aliyewahi kusimama kituoni wakati daladala au matatu kuukuu inaondoka anajua wingu lile jeusi linapopita: mtu mzima linampiga magotini na kwenye mapaja, mwanafunzi wa darasa la kwanza linampiga usoni.

7. Risasi ni hewa chafu pia? Nilidhani iliisha petroli ilipobadilishwa.

Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Hilo ni moja ya mafanikio makubwa ya afya ya ubongo, ingawa halikushangiliwa mitaani. Risasi huigiza kalisi mwilini, hivyo hupokelewa mahali ambapo kalisi inahitajika, ikiwemo kwenye maungano ya seli za neva, na ikiingia huko huvuruga mawasiliano. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Vyanzo vingine vimebaki. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilitoa moshi na majitaka yenye risasi katikati ya makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi kwenye damu, akaanzisha mapambano yaliyompatia Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kuhusu urithi, jambo la kujua ni kwamba risasi hujificha kwenye mifupa kwa miongo, kisha hutoka wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Mama aliyeivuta akiwa msichana anaweza kumpitishia mtoto wake, na familia ikaona kama ugonjwa wa ukoo wakati hakuna jeni iliyohusika.

8. Kwa watu wa makamo kuna hatari gani?

Kubwa ni kiharusi. Chembe za PM2.5 hukaza mishipa, hupandisha shinikizo la damu na kuifanya damu igande kwa urahisi. Mtu mwenye presha isiyotibiwa anayeshinda barabarani, kama dereva wa bodaboda au muuza mitumba kando ya makutano, anabeba mizigo miwili, na mzigo anaoweza kuutua leo ni presha: apimwe, na akipewa dawa asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri.

9. Na wazee? Kusahau si sehemu ya kuzeeka?

Kuchelewa kukumbuka jina la mtu ni kuzeeka. Kupotea njia ya kwenda kisimani alikoteka maji miaka arobaini si kuzeeka, na wala si kurogwa. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa watu wa miaka 70 na zaidi uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba 6.4% walikuwa na dimensia, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa kuwa huo ni ugonjwa.

Kuhusu hewa, tafiti kubwa zimefanyika Amerika Kaskazini. Jimboni Ontario, Kanada, watu walioishi ndani ya mita 50 kutoka barabara kuu walikuwa na uwezekano wa dimensia uliozidi kwa 7% ule wa waliokaa mbali zaidi ya mita 300, na ongezeko hilo lilipungua kadiri nyumba ilivyosogea mbali. Nchini Marekani, miongoni mwa wanawake 3,647 wa miaka 65 hadi 79, walioishi mahali ambapo PM2.5 ilizidi kiwango cha nchi hiyo walikuwa na uwezekano wa dimensia ulioongezeka kwa karibu 92%.

Habari njema ilikuja mwaka 2022, kutoka kwa ufuatiliaji wa wanawake wazee wa Marekani vilevile: katika maeneo ambayo hewa ilikuwa imesafishika zaidi ndani ya miaka kumi, dimensia ilipungua. Kwa hiyo kuhama moshi ukiwa na miaka 60 si kuchelewa.

## Jeni na moshi vinapokutana

10. Mbona ndugu wawili wamekulia jiko moja, mmoja akaugua na mwingine hakuugua?

Bahati ina sehemu yake, na elimu, lishe na presha pia. Lakini jeni hueleza kitu fulani. Ndani ya ubongo kuna seli ziitwazo mikroglia, ambazo kazi yake ni kufagia: hula taka, seli zilizokufa na protini zinazoganda. Zikishtuliwa mara kwa mara, mfagiaji hugeuka mgomvi na kuanza kuumiza seli nzima zilizo jirani. Jeni ya APOE inahusika na jinsi mafuta na taka zinavyosafirishwa katika kazi hiyo, na wenye sura ya ε4 wanaonekana kusafisha polepole zaidi na kuchachamaa haraka zaidi.

Ndiyo maana katika utafiti wa wanawake wa Marekani uliotajwa katika swali la 9, madhara ya PM2.5 yalikuwa makali zaidi kwa wenye nakala mbili za ε4. Kwa watoto wa Barcelona pia, waliobeba ε4 ndio waliohusishwa zaidi na matatizo ya tabia palipokuwa na moshi wa magari. Matokeo hayafanani kila mahali, na zipo tafiti ambazo hazikuona tofauti kati ya wenye ε4 na wasio nayo. Mwandishi wa ukurasa huu anaona kwamba muungano wa jeni na moshi ni wa kweli, ila ukubwa wake hutegemea umri, jinsia na kiasi cha moshi, na yeyote anayekupa namba moja ya kukutosha maisha yote anakudanganya.

11. Takwimu za ε4 za Wazungu zinatuhusu sisi?

Kwa kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti waliwafuatilia Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, sambamba na Wamarekani Weusi wa Indianapolis, wote wa miaka 65 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kila mwaka Alzheimer mpya iliwapata 1.15% ya wa Ibadan, dhidi ya 2.52% ya wa Indianapolis. Sura ya ε4 si adimu Afrika. Kinyume chake, ni ya kawaida kuliko Ulaya. Lakini Ibadan uhusiano wake na ugonjwa ulikuwa hafifu mno.

Sababu zinazopendekezwa ni vyakula, mafuta kidogo kwenye damu, kutembea na kulima, na pia jeni nyingine zilizo jirani na APOE ambazo hutofautiana kati ya watu wa Afrika na wa Ulaya. Ikumbukwe kwamba Ibadan haikuwa na hewa safi. Kama hali ya maisha iliweza kuizima ε4 kwa kiasi hicho, ni busara kujiuliza itakuwaje kwa kizazi kinachokula chipsi, kinachokaa foleni saa tatu kwa siku na kinachovuta dizeli.

12. Kama ε4 ina madhara, kwa nini haikutoweka zamani?

Kwa sababu madhara yake huja uzeeni, baada ya watoto kuzaliwa, na kwa sababu inaelekea kuwa na faida mahali penye minyoo na kuhara. Miongoni mwa Watsimane wa Bolivia, wenye ε4 waliokuwa na mzigo mkubwa wa vimelea walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko wenzao wasio nayo. Kinga inayochachamaa haraka ni mlinzi mzuri mbele ya minyoo. Mbele ya moshi usioisha hana wa kumpiga, akageukia nyumba.

13. Nipimwe APOE?

Kwa mtu asiye na dalili, kipimo hakibadilishi matibabu na kinaweza kumwachia wasiwasi wa miaka thelathini. Wapo wenye ε4 mbili wanaofika miaka 90 na akili timamu, na wapo wasio nayo kabisa wanaougua. Kipimo kina maana kwa mgonjwa ambaye daktari anataka kumpa dawa mpya za kuondoa amiloidi, protini inayoganda kwenye ubongo wa wenye Alzheimer, kama lecanemab, kwa kuwa wenye nakala mbili za ε4 ndio wanaopata zaidi uvimbe na damu kuvuja kwenye ubongo. Familia yenye wagonjwa kadhaa walioanza kabla ya miaka 60 isome swali la 16.

14. Moshi unaweza kubadili jeni zangu?

Herufi za jeni kwa kawaida hubaki zilivyo. Kinachobadilika ni alama za kemikali zinazobandikwa juu yake na kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Moshi hubadilisha alama hizo kwenye damu na kwenye kondo la nyuma, na baadhi hurudi zilivyokuwa mtu akiacha kuuvuta. Madai kwamba mjukuu hurithi alama za moshi aliouvuta bibi yana ushahidi wa wanyama zaidi kuliko wa watu. Bibi zetu wana lawama za kutosha, tusiwaongezee hiyo.

## Nyumbani, na hali za pekee

15. Kuni, mkaa, mafuta ya taa au gesi? Na maziwa je, husafisha moshi kifuani?

Kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu, hewa chafu kuliko zote wanazovuta haiko barabarani. Iko jikoni kwao. Tazama paa la jiko la mafiga: masizi yamening'inia kama utando wa buibui, na mama amepiga magoti akipuliza moto, mtoto mgongoni, pua zao zikiwa karibu na kuni kuliko sufuria ilivyo. Kwa mpangilio wa chembe, kuni ndizo mbaya zaidi, mkaa una chembe chache lakini una kaboni monoksaidi nyingi, na koroboi ya mafuta ya taa hutoa masizi safi kabisa, kwa maana mbaya ya neno safi. Mwanafunzi anayeisomea huamka na weusi puani. Gesi na umeme viko mbali mbele ya vyote hivyo.

Kwenye jaribio lililofanyika Guatemala, India, Peru na wilaya ya Kayonza nchini Rwanda, wajawazito takriban 3,200 waligawanywa, nusu wakapewa jiko na mitungi ya gesi bure. Kwa mtu wa katikati ya kundi, kiasi cha PM2.5 walichovuta waliopata gesi kilikuwa mikrogramu 24 kwa kila mita ya ujazo, dhidi ya 70.7 kwa waliobaki na kuni. Hata hivyo uzito wa watoto waliozaliwa, kwa mujibu wa matokeo ya 2022, haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Huenda gesi ilifika mimba ikiwa imekwisha songa mbele, na huenda moshi wa jirani uliendelea kuingia. 24 bado ni karibu mara tano ya kiwango cha swali la 2. Jibu hili halipendezi kwenye mabango ya kampeni, lakini ndilo lililopatikana, na ndiyo sababu mkakati wa Tanzania wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa 80% ya wananchi ifikapo 2034 una maana zaidi ukienea mtaa mzima kuliko nyumba mojamoja.

Kwa asiyemudu gesi kila siku: apikie nje au mlangoni panapopita upepo, atumie kuni kavu, aroweke maharage na makande usiku kucha ili yaive kwa moto mdogo, na watoto wakae mbali moto unapowashwa, kwani hapo ndipo moshi huwa mwingi zaidi. Barakoa ya kitambaa haizuii PM2.5, ya N95 iliyokaza usoni huzuia chembe lakini haizuii gesi. Ama maziwa, ambayo mafundi rangi na wafanyakazi wa viwandani huyanywa kwa imani kubwa, yanakwenda tumboni. Ni chakula kizuri, ila hayapiti kwenye mapafu.

16. Familia yetu ina jeni ile kali ya Alzheimer (swali la 3), au mtoto wetu ana sikoseli. Kuna haja ya kujali moshi?

Ipo. Katika jimbo la Antioquia, Kolombia, kuna ukoo mkubwa wenye hitilafu ya PSEN1 ambao kwa kawaida huanza kusahau katika miaka ya arobaini. Mwaka 2019 iliripotiwa habari ya mwanamke mmoja wa ukoo huo ambaye dalili zilimchelewea hadi miaka ya sabini. Alikuwa na nakala mbili za sura adimu ya APOE. Ikiwa hata jeni iliyodhaniwa kuwa na hukumu ya mwisho inaweza kucheleweshwa miaka thelathini, haifai kuiona kama ukuta.

Sikoseli, au selimundu, ni urithi unaogusa ubongo wa watoto wengi zaidi katika eneo letu. Nchini Marekani, kabla ya uchunguzi wa mishipa ya ubongo kuwa wa kawaida, karibu 11% ya wenye aina kali walipata kiharusi kabla ya miaka 20, na wengine hupata viharusi vidogo visivyoonekana ila kwa kushuka darasani. Seli zao nyekundu za damu hujikunja oksijeni inapopungua, kwa hiyo chumba chenye moshi au jiko la mkaa ni hatari maradufu kwao. Waulize kliniki kuhusu haidroksiyurea, ambayo ni dawa ya sikoseli, na kipimo cha mishipa ya kichwa.

17. Tulilala na jiko la mkaa ndani, tukaamka na maumivu ya kichwa. Sasa tuko sawa. Imeisha?

Huenda haijaisha. Msimu wa baridi wa Juni na Julai, Limuru au Njombe, jiko huwashwa nje, watu husubiri moshi uishe, na mkaa ukishashika wekundu mtu husema sasa hauna neno, akaliingiza chumbani na kufunga dirisha. Wekundu ule usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, miguu huisha nguvu, na mtu akilala hapo anaweza asiamke.

Aliyenusurika atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali apewe oksijeni, hata kama anaongea vizuri. Mjamzito asicheleweshwe kabisa, kwa kuwa gesi hiyo hubaki kwenye damu ya mtoto muda mrefu zaidi kuliko kwake. Kisha familia iendelee kumwangalia. Kwa baadhi ya watu, siku chache hadi wiki kadhaa baadaye, huja kusahau, hasira zisizo na sababu, kutembea kwa kuburuta miguu au kujikojolea. Wakati huo hakuna anayelikumbuka jiko, na mgonjwa hupelekwa kwingine au kudhaniwa ameanza kuchanganyikiwa kwa uzee. Mkirudi hospitali, mwambieni daktari tarehe mliyolala na jiko kabla hajauliza.